Kisukari mpakani: Hesabu nyingine ya mchuuzi

Mchuuzi wa Butare, Rusizi, anayevuka kwenda Bukavu huwa na bei kichwani. Akiwa na kisukari cha aina ya kwanza, ana hesabu nyingine: ugali alioula asubuhi unadai insulini kiasi gani?

Hesabu hiyo ina darasa. Mafunzo ya siku 5 yaliyoanzia Düsseldorf, Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1970, humfundisha mgonjwa kupima damu na kurekebisha dozi mwenyewe. Chama cha Kisukari cha Rwanda kina makao Kigali, ng'ambo ya msitu wa Nyungwe. Kwa mchuuzi, safari hiyo ni siku za soko zilizopotea.

Foleni mpakani nayo haingoji darasa. Chakula kikichelewa, mzigo na mwendo hushusha sukari. Mikono ikitetemeka na jasho likimtoka, anywe soda yenye sukari hapo hapo. Asijichome sindano nyingine.