Tangi la Baridi: Maji, Barafu au Nta?

Mwenye hoteli au jengo la ofisi linalopozwa kwa maji baridi ana sababu ya kutengeneza baridi usiku na kuitumia mchana. Mteja mkubwa wa umeme halipii uniti peke yake. Hulipia pia kilele cha matumizi yake, zile kVA kwenye ankara. Shida ni baridi hiyo uiweke wapi.

Maji ndiyo nafuu. Kilo moja ikipanda kutoka digrii 6 hadi 12 hubeba kilojuli 25 tu, hivyo tangi litakuwa kubwa na litakula sehemu ya maegesho. Lakini maji hayachakai, yanapatikana popote, na fundi yeyote anayamudu.

Barafu humeza kilojuli 334 kwa kilo inapoyeyuka, kwa hiyo tangi linapungua sana. Ila chila, yaani mashine ya kupozea maji, lazima ishuke chini ya sifuri ikizungusha glaikoli, kimiminika kisichoganda hapo, na kadiri inavyoshuka ndivyo inavyokula umeme zaidi kwa baridi ileile.

Chaguo la tatu ni bidhaa changa, na wauzaji wake ni wachache: maji yenye vitone vidogo mno vya nta ya parafini, meupe kama maziwa. Ukichukua nta inayoyeyuka kwenye digrii 10 hivi, na ikawa asilimia 30 ya mchanganyiko, kwenye karatasi unapata takriban mara tatu ya uwezo wa maji bila kugusa sifuri.

Karatasi hiyo ni ya siku ya kwanza. Nta ni nyepesi kuliko maji, hivyo vitone hupanda juu, hugongana na kuungana. Kila kuganda na kuyeyuka, na kila msukosuko wa pampu, huharakisha mambo, mpaka unakuta tabaka la nta juu ya tangi na mabomba yameanza kuziba. Kinachovitenganisha ni kiambato cha jamii ya sabuni. Kikipungua vinaungana, kikizidi linatoka povu, na hilo nalo ni kazi ya fundi.

Gharama iliyojificha zaidi ni hii: vitone vidogo hutulia vizuri, lakini hugoma kuganda. Heksadekeni, nta inayoyeyuka kwenye digrii 18, ikikatwakatwa hivyo inaweza kuchelewa hadi zaidi ya digrii 10 chini ya hapo. Basi chila inashushwa tena, na ule umeme uliokusudia kuuokoa unaulipa. Kuna viungo vya kuianzisha igande mapema. Uliza kama vimo.

Kama eneo unalo, nunua tangi la maji. Kama eneo ni finyu na chila inaweza kushuka chini ya sifuri, barafu. Nta ifikirie tu pale hayo mawili yameshindikana, na usitoe malipo ya awali kabla mkataba haujataja digrii ya kuganda, uwezo uliobaki baada ya mizunguko mingi pampu ikifanya kazi, na nani atagharamia kuondoa mchanganyiko ulioharibika.