Watazamaji wa Kuazima: Kipindi Kinavyobebwa au Kuzamishwa na Kilichokitangulia



Mara nyingi nasikia watu wakisema kipindi fulani cha televisheni "kinapendwa sana" na kingine "hakina watu", tena takwimu wanazo mkononi. Mimi nikitajiwa takwimu hizo huuliza suali moja kwanza: kabla yake kulikuwa na nini? Maana watazamaji wa saa tatu usiku, wengi wao wamekaa pale tokea saa mbili na nusu. Kipindi hakikuwaita, kimewakuta.

Jambo hili limechunguzwa zamani. Kule Uingereza, Goodhardt, Ehrenberg na Collins walitoa kitabu mwaka 1975 juu ya mwenendo wa watazamaji, na wakaliita urithi: kipindi kinarithi watu wa kile kilichokitangulia kwenye chaneli ile ile. Lakini urithi huu hauendi mbali. Unakifikia kipindi cha pili, halafu unafifia haraka.

Sababu zake si ngumu kuziona. Kwanza ni uvivu. Zamani kubadili chaneli ilibidi uinuke kitini. Rimoti imepunguza uvivu huo, haikuumaliza. Pili ni ladha: aliyecheka nusu saa anataka kucheka tena. Tatu, ndani ya kipindi chenye watu ndimo chaneli inamotangaza kile kinachofuata. Nne ni saa: ikiwa jirani yuko katikati ya hadithi yake, unaona bora ubaki ulipo.

Wamarekani walilijua hili wakalifanyia biashara. Miaka ya 1990 chaneli ya NBC ilikuwa na Seinfeld siku za Alkhamisi, na nusu saa iliyofuata ilikuwa kama duka lililoko mlangoni mwa soko. Mwaka 1995 iliwekwa Caroline in the City, mwaka 1996 Suddenly Susan, mwaka 1997 Veronica's Closet. Kila kimoja kiliingia kwenye kumi bora nchini. Caroline na Susan walipohamishiwa siku nyengine, watu hawakuwafuata kwa wingi ule, na hadi mwaka 2000 vipindi vyote vitatu vilikuwa vimekwisha. Wahenga wameshasema: nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Hata hivyo si kila aliyebebwa huanguka akishushwa. Tamthilia ya House ilianza Novemba 2004 kwenye chaneli ya Fox na watazamaji wa wastani tu. Januari 2005 American Idol iliporudi hewani na House ikawekwa nyuma yake siku za Jumanne, watu wakamiminika. Ilipohamishiwa Jumatatu, bila ya Idol mbele yake, House iliendelea kuishi hadi Mei 2012. Idol iliwafikisha watu mlangoni, lakini waliobaki walibaki kwa ajili ya daktari mwenyewe.

Mfano ninaoupenda zaidi ni ule wa kinyume, pale kipindi cha mbele kinapowazamisha wa nyuma. Septemba 2009 NBC iliondoa tamthilia zake za saa nne usiku ikaweka The Jay Leno Show, siku tano kwa wiki. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: mazungumzo na vichekesho ni rahisi kuliko tamthilia, kwa hiyo hata watazamaji wakipungua faida ipo. Usiku wa kwanza walipatikana zaidi ya milioni 17, lakini baadaye wakashuka hadi kati ya milioni 5 na 6.

Kwa NBC makao makuu hilo lilivumilika. Walioumia ni vituo vya mikoani vinavyorusha matangazo ya NBC. Saa tano usiku vituo hivi husoma taarifa ya khabari ya kwao wenyewe, na fedha za matangazo ya biashara za saa hiyo ni sehemu kubwa ya riziki yao. Saa nne ikiwa tupu, taarifa ya saa tano inasomwa kwa viti. Kituo kimoja cha Boston, WHDH, kiliiona hatari mapema. Aprili 2009 kilisema hakitamrusha Leno saa hiyo, kisha kikarudi nyuma.

Balaa likashuka ngazi kwa ngazi. Baada ya khabari kulikuwa na The Tonight Show ya Conan O'Brien, aliyeipokea Juni 2009, nayo ikapungukiwa. Vituo vilipopiga kelele, Januari 2010 NBC ilitaka Leno arudi saa tano na dakika 35 na Conan asogezwe hadi baada ya saa sita. Conan alikataa, akaondoka tarehe 22 mwezi huo huo. Leno Show ilikwisha Februari, na Machi Leno akarudi kwenye kiti chake cha zamani. Kosa la saa moja ya ratiba lilimgharimu mtu kazi yake, na watu wengi wakasema Conan "ameshindwa" bila ya kutazama alirithi nini.

Sasa basi, namna gani tuzisome takwimu? Chukua mfano wa kubuni. Kipindi cha kwanza kina watu 60, lakini kilitanguliwa na chenye 100. Cha pili kina 40, na kilitanguliwa na chenye 20. Magazeti yatamsifu wa kwanza. Mimi naona wa kwanza, hata akiwa hakuleta mtu mpya, amepoteza 40 aliokabidhiwa. Wa pili ameleta wasiopungua 20 kwa jasho lake.

Na hili linatuhusu sisi wa Kiswahili. Kenya, vituo vikubwa kwa miaka mingi vimesoma taarifa ya Kiswahili saa moja usiku na ya Kiingereza saa tatu. Anayelinganisha watazamaji wa taarifa hizo mbili akadai amepima nguvu za lugha, amechanganya mambo matatu: lugha, saa, na kipindi kilichotangulia. Saa moja wengine bado wako kwenye matatu. Saa tatu wameshakula. Kwa hiyo Kiswahili kikishinda tusijigambe haraka, na kikishindwa tusikubali kifutwe kwenye ratiba mpaka tuulize kiliwekwa nyuma ya nini.

Hata zama hizi za intaneti mchezo haujabadilika sana. Tokea mwaka 2012 Netflix inaanzisha sehemu inayofuata yenyewe kabla hujanyanyua mkono. Uvivu ni ule ule, umepewa mashine tu.