Sala Inapokosa Ladha

Mkristo aliyezoea kusali aweza kuamka siku moja akaona sala ni mzigo. Hajaacha imani, wala hajatenda kosa kubwa. Roho imechoka tu. Wengi huona haya kulisema jambo hili, wakidhani limewapata wao peke yao. Sivyo.

Evagrius wa Ponto, mtawa aliyefariki mwaka 399 katika jangwa la Misri, aliueleza uchovu huu kama tabibu aelezavyo homa. Alisema humvamia mtawa tangu saa nne mpaka saa nane, saa zilizohesabiwa tangu macheo, kama tuhesabuvyo sisi Waswahili. Jua huonekana limesimama, na siku kana kwamba ina saa hamsini. Mtawa huchungulia dirishani. Huichukia kazi ya mikono. Huamini kwamba ndugu zake hawampendi tena, na kwamba mahali pengine angemtumikia Mungu vizuri zaidi. (Wangapi wamehama kwaya kwa sababu hiyo!)

Dawa yake haikuwa kelele. Alimtaka mtawa asitoke chumbani, ajiwekee kipimo katika kila kazi, asiiache mpaka imetimia. Kwa mfanyakazi atokaye zamu, ndugu msomaji, kipimo hicho chaweza kuwa zaburi moja na Baba Yetu, saa ile ile kila jioni, hata moyo ukiwa mkavu.

Ladha yaweza kukawia. Barua za Mama Teresa wa Calcutta, zilizochapishwa mwaka 2007, zaonyesha kwamba kwake ukavu huo ulidumu miaka mingi, naye aliendelea kuamka alfajiri kusali na watawa wake.