Kumzoeza Sungura Mshipi na Kamba

Katika Murara, mtaa wa mji wa Goma, viwanja ni vidogo, na ardhi yake ni mawe meusi yaliyotoka mlimani. Ng'ombe hana mahali, na mbuzi huleta maneno na jirani. Lakini sungura aweza kukaa katika kibanda kidogo nyuma ya nyumba, akala majani, wala hapigi kelele. Wako wanaomfuga kwa nyama. Tena mara nyingi watoto humchagua mmoja wakampa jina, na huyo hachinjwi. Maneno haya ni kwa mwenye sungura wa namna hiyo, atakaye kumtoa nje bila ya kumpoteza wala kumwumiza.

Labda mtu atacheka na kusema, "Kamba ni ya mbuzi, sungura ana haja gani nayo?" Na akumbuke mwaka 2021. Tarehe 22 Mei mlima Nyiragongo ulipasuka. Siku 5 baadaye, tarehe 27 Mei, watu wa mitaa 10 ya Goma waliamriwa kuondoka upesi, na Murara ilikuwa mmoja wa mitaa hiyo. Wengi walishika njia ya Sake, karibu kilometa 25. Wengine walivuka mpaka kwenda Gisenyi katika Rwanda. Siku kama hiyo mtu ana watoto, magodoro na sufuria. Hana nafasi ya kumfukuza sungura uani, wala ya kumfundisha kutulia. Basi kazi hii yafaa ifanywe wakati wa amani, kidogo kidogo, ili siku ya haraka mnyama awe amekwisha kujua mkono, mshipi na kapu.

TABIA YAKE

Sungura wa kufugwa si yule sungura wa hadithi zetu. Yule wa porini huzaa watoto wenye manyoya na macho wazi, naye huokoka kwa mbio. Huyu wa kufugwa asili yake ni Ulaya. Watoto wake huzaliwa uchi na vipofu ndani ya kiota, naye akiogopa hutafuta shimo. Kwa hiyo akiwa nje pasipo mahali pa kujificha, moyo wake hautulii.

Macho yake yako pembeni mwa kichwa. Huona karibu pande zote, hata juu, lakini haoni vema kilicho mbele ya pua yake. Kitu kishukacho kutoka juu, kwake ni mwewe. Basi usimshike kwa kumwinamia, bali chutama, upeleke mkono pole pole kwa ubavuni.

Tena jua ya kuwa mifupa yake ni myepesi sana, lakini miguu yake ya nyuma ina nguvu nyingi. Akishikwa vibaya akapiga teke, aweza kuvunja mgongo wake mwenyewe, na hapo hakuna dawa. Hii ndiyo sababu ya kukataza kabisa kumfunga kamba shingoni au mguuni. Akishtuka na kuruka, kamba ya shingo itamnyonga, na ya mguu itamvunja. Wala usimwinue kwa masikio. Weka mkono mmoja chini ya kifua, na wa pili chini ya matako, kisha umweke karibu na tumbo lako.

MSHIPI

Mshipi ufaao una pete mbili za kitambaa. Ya kwanza huzunguka chini ya shingo, mahali inapokutana na kifua. Ya pili huzunguka mbavu, nyuma ya miguu ya mbele. Pete hizo huunganishwa kwa kipande kimoja juu ya mgongo, na kingine chini ya kifua kati ya miguu. Kamba hufungwa kwenye kile kipande cha mgongoni, si shingoni. Hivyo akiruka, uzito hushikwa na kifua chote.

Shona kwa kitambaa laini kilichokunjwa, upana wa vidole viwili. Usitumie katani wala uzi mwembamba wa nailoni, maana hukata ngozi. Kipimo chake ni hiki: kidole kimoja kipite chini ya mshipi bila taabu. Ukilegea, atatoa mguu na kunaswa. Ukibana, hatapumua vizuri. Kamba yenyewe iwe nyepesi, ya meta 2 hivi.

KUMZOEZA

Usianze na mtoto aliyeachishwa maziwa juzi. Ngoja apate miezi 4 au zaidi. Kazi yote ifanywe chini sakafuni, ndani ya chumba kilichofungwa, kabla ya saa ya chakula, wakati ana njaa kidogo. Kila mara iwe dakika 10 tu.

1. Mkono. Kwa juma moja kaa sakafuni, umwache aje mwenyewe. Akija mpe kipande kidogo cha karoti, mpapase paji la uso na mabega. Asipokuja, usimfuate.

2. Kuuona mshipi. Uweke karibu naye kila unapompa chakula, apate kuunusa. Ukiondoka, uondoe, kwa maana meno yake hukata kila kitu, na kitambaa tumboni ni hatari.

3. Mshipi mgongoni. Uweke juu ya mgongo wake bila kuufunga, huku anakula. Akitulia, uondoe. Rudia siku 3 au 4.

4. Kuufunga. Ufunge kwa dakika 5 huku anakula. Labda atalala chini kama jiwe, au atarudi nyuma. Usimcheke wala usimsukume. Ngoja asogee mwenyewe, ndipo umpe karoti. Kesho ongeza dakika chache.

5. Kamba. Akitembea vizuri na mshipi, funga kamba uiache iburutike, nawe umtazame isinase mguu wa meza. Mwisho ishike mkononi.

Hapo ndipo wengi hukosa. Hudhani kamba ni ya kumwongoza sungura kama mbwa. Sivyo. Sungura huenda apendako, nawe humfuata. Kamba ni kama ukuta tu: inamzuia asifike barabarani. Akiuvuta, simama, usimvute nawe. Akitulia, ilegeze.

Zijue dalili za hofu: kupiga chini kwa mguu wa nyuma, kulaza masikio na kujibana chini, macho kutoka nje, kupumua upesi sana. Ukiona moja, acha kazi ya siku ile, umrudishe kibandani. Hofu kubwa yaweza kumwua sungura. Wako pia wasioukubali mshipi kamwe. Huyo usimshurutishe, mzoeze mkono na kapu tu, inatosha.

KUMTOA NJE

Siku ya kwanza nje iwe karibu na mlango, asubuhi au jioni, wakati hakuna kelele za pikipiki. Beba kapu lake uliweke ubavuni liwe shimo lake la kukimbilia.

Angalia miguu yake. Nyayo za sungura hazina ngozi nene kama za mbwa, zina manyoya tu. Mawe yetu meusi ni makali, tena jua la mchana huyafanya kuwa ya moto. Mtafutie mahali penye majani, au tandika mkeka wa zamani.

Usimwache amefungwa peke yake, hata kwa muda wa kuteka maji. Mbwa mmoja au mwewe mmoja anatosha, naye akiwa amefungwa hana pa kukimbilia. Tena ataizungusha kamba kwenye jiwe mpaka ajinyonge.

Tazama anachokula. Majani ya viazi vitamu ni mema. Majani ya viazi ulaya ni sumu kwake, na majani ya mparachichi pia. Majani yaliyopigwa dawa ya wadudu, au ya kando ya mtaro wa maji machafu, asiyaguse.

Liko jambo moja la nchi hii ambalo kila mwenye mnyama mdogo yampasa alijue, nalo ni mazuku. Hewa hii hutoka ardhini, haionekani, nayo ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Hukusanyika katika mashimo na mabonde, hasa upande wa magharibi wa Goma na kando ya njia ya Sake, nayo huzidi usiku na alfajiri pasipo upepo. Mtu mzima aliyesimama aweza kupita salama, na mnyama ambaye pua yake i karibu na ardhi akafa pale pale. Kwa hiyo usimpeleke sungura shimoni kutafuta majani, wala mtoto asishuke kumfuata. Na ukiwa safarini, usitue kapu bondeni. Pumzika mahali palipoinuka penye upepo.

KAPU

Kapu liwe na kifuniko kinachofungwa, lipitishe hewa, na ndani liwe na majani makavu. Liache wazi ndani ya chumba, umpe chakula chake humo mara kwa mara, mpaka aingie mwenyewe. Kisha funga kifuniko kwa dakika chache. Halafu libebe kuzunguka uwanja, na siku nyingine mpaka mwisho wa barabara.

Akishazoea, usiache. Mara moja kila mwezi fanya mambo haya kwa mpango: mwite, mvike mshipi, mtie kapuni, funga, toka mlangoni. Hesabu dakika. Mara ya kwanza labda zitakuwa 10, na sungura atatetemeka. Zikishuka hata 2, naye anatafuna majani yake ndani ya kapu, kazi imekwisha. Ning'iniza mshipi na kamba juu ya kapu, karibu na mlango, na kila mtu wa nyumbani ajue mahali pake, hata mtoto mdogo.

Mwenye kufanya hivi hatapoteza kitu. Mlima ukitulia miaka mingi, amepata mnyama mpole anayeshikika, anayeweza kupelekwa kwa mganga wa wanyama bila kuumia. Na amri ya kuondoka ikija tena usiku, mtoto hatalia uani akimwita sungura aliyejificha chini ya mabati.