Kwenda shambani rahisi, kurudi ndiko kazi

Wazee walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Lakini katika jiji la Kigali mkulima hana budi kuchagua jambo moja kabla hajalishika jembe lenyewe: njia ya kumfikisha shambani. Je, aende kwa baiskeli, apande basi, au achange fedha na wenzake wakodi gari? Swali hili laonekana dogo. Hata hivyo, mara nyingi ndilo liamualo kama mavuno ya shamba la ushirika yatafika sokoni au yataozea bondeni, na kama yule aliyetoka asubuhi atarudi nyumbani jioni akiwa mzima.

Tumeona yafaa kuliandika jambo hili kwa ajili ya wasomaji wetu askari, wa jeshi na wa polisi, kwa sababu mbili. Kwanza, askari naye ni mtoto wa mkulima. Wengi wana wazazi, wake au waume walio wanachama wa ushirika, na siku ya mapumziko huvua sare wakashika jembe. Pili, ni askari huyo huyo asimamaye barabarani saa ambayo mkulima anarudi na mzigo wake.

WATU JUU, CHAKULA CHINI

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,745,555 katika Jiji la Kigali. Mgeni akisikia hesabu hiyo hudhani kwamba ni mji wa nyumba na maduka matupu. Sivyo. Jiji hilo lina wilaya tatu, yaani Nyarugenge, Gasabo na Kicukiro, na ndani yake zimo sekta kama Bumbogo, Jabana, Rusororo, Masaka na Gahanga, ambako majembe hayajawekwa chini.

Umbo la nchi lenyewe ndilo lenye kuamuru. Nyumba zimejengwa vilimani, na mabonde yenye maji yameachiwa kilimo. Kwa sheria ya Rwanda mabonde hayo ya kinamasi ni mali ya Serikali, na wananchi huruhusiwa kuyalima kwa makubaliano, mara nyingi wakiwa katika vyama vya ushirika. Juu ya kilima hulimwa misimu miwili ya mvua, wa kwanza ukianza Septemba na wa pili ukianza Februari au Machi. Bondeni, kwa kuwa unyevu haukauki, huongezwa msimu wa tatu wakati wa kiangazi, nao ndio uletao mboga mjini wakati vilima vimekauka.

Hapo msomaji ataona jambo lililo geni kwa nchi nyingi. Kwingineko mkulima huteremka na mzigo kwenda sokoni, kisha hupanda kurudi kwake akiwa mikono mitupu. Kigali ni kinyume. Shamba liko chini na soko liko juu. Mtu huteremka mwepesi asubuhi, akiwa na nguvu zake zote, kisha hupanda na mzigo jioni akiwa amechoka. Kwa hiyo anayepima safari ya shambani kwa jinsi ilivyo rahisi asubuhi amepima nusu yake tu, tena ile nusu nyepesi.

BARABARA YA NYABARONGO

Tuchukue njia moja iwe mfano. Ni ile itokayo Kicukiro, ikapita Nyanza na Gahanga, ikashuka hadi daraja la mto Nyabarongo, kisha ikaingia Bugesera kuelekea Nyamata. Ni barabara ya lami, na pande zote mbili za mto watu hulima mahindi, maharagwe, viazi vitamu na mboga.

Hatuwezi kupita Nyanza hiyo ya Kicukiro kana kwamba ni kituo cha basi tu. Tarehe 11 Aprili 1994, katika siku za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Ubelgiji waliondoka katika shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, wakawaacha watu zaidi ya elfu mbili waliokuwa wamekimbilia kwao. Watu hao waliswagwa kwa miguu hadi Nyanza, wakauawa. Mbele zaidi, ng'ambo ya mto, wengine walijificha wiki nzima nzima katika mafunjo ya mabonde ya Bugesera. Leo Nyanza pana makaburi ya kumbukumbu, na mkulima hupita hapo na jembe lake. Askari apitaye barabara hiyo anajua vema maana ya mwananchi kumtazama mwenye sare akitumaini kwamba hataondoka.

BAISKELI

Baiskeli ya mkulima ni ya chuma, haina gia, na nyuma ina karia imara. Haili mafuta wala haingoji foleni, nayo hupita kwenye kijia chembamba kati ya majaruba, mahali ambapo gari haliwezi kuota ndoto ya kufika. Ndiyo maana katikati ya jiji haionekani sana, lakini pembezoni imejaa.

Asubuhi kazi yote ni ya breki. Mpira wa breki uliolika, au uliolowa mvua, haushiki ukingo wa gurudumu, na mteremko humwongezea mtu kasi bila kumwomba ruhusa. Jioni kazi ni ya miguu na mabega. Mtu hushuka, akashika usukani kwa mkono mmoja na gunia kwa mkono wa pili, na akibahatika huwa na kijana wa kumsukumia nyuma. Mwendo wa dakika chache asubuhi huwa wa saa nzima jioni. Na kwa kuwa Kigali iko karibu na ikweta, jua huzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Hakuna msimu umpao mkulima jioni ndefu. Aliyechelewa kufunga mzigo wake hukutwa na giza akiwa katikati ya mwinuko, pembeni mwa lami, bila taa.

Hapo ndipo kishawishi kimjiapo. Lori lapita polepole likipanda, naye aliye kwenye baiskeli hunyoosha mkono akalishika nyuma ili limvute. Dereva hamwoni. Lori likifunga breki ghafla, au likikwepa shimo, aliyeshika hana la kufanya. Tendo hilo ni la hatari kubwa na polisi hulikataza, lakini yafaa tukiri kwamba halitokani na utundu peke yake. Latokana na mzigo, mlima na saa.

Septemba 2025 Kigali ilikaribisha mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ambayo yalikuwa hayajapata kufanyika Afrika. Wanaume wa daraja la juu walishindana zaidi ya kilomita 260, wakipanda na kushuka vilima hivi hivi, pamoja na ule mwinuko wa mawe uitwao Kwa Mutwe. Ulimwengu mzima uliona jinsi vilima hivyo vinavyowachosha mabingwa wenye baiskeli nyepesi, gia nyingi, na magari ya mafundi yakiwafuata. Mkulima wa Gahanga hupanda bila gia, na gunia juu.

Wapo waliolifikiri jambo hili mapema. Mtengenezaji wa baiskeli wa Kimarekani, Tom Ritchey, alifika Rwanda mwishoni mwa 2005, na kazi aliyoianzisha ilileta baiskeli ndefu za mizigo kwa wakulima wa kahawa. Sababu yake ilikuwa ya kilimo hasa: buni iliyoiva yapaswa kumenywa siku ile ile iliyochumwa, ama sivyo huchacha na ladha ikaharibika. Saa mbili zilizookolewa njiani zaweza kuwa bei nzuri au bei mbaya. Ndugu zetu wa Goma, kule Kongo, nao wana chukudu yao ya mbao, ambayo hubeba magunia kadhaa kwa mara moja. Kote huko fundisho ni lile lile: mzigo ukichelewa, jasho la shamba hupungua thamani.

BASI

Basi ndiyo njia yenye salama zaidi kwa mtu asiye na mzigo. Mwaka 2013 njia za mabasi ya Kigali ziligawiwa wasafirishaji kwa mikataba, na miaka miwili baadaye ilianza kutumika kadi ya kulipia nauli badala ya sarafu mkononi. Mwaka 2015 pia iliamriwa magari ya abiria yafungwe kidhibiti mwendo yasizidi kilomita 60 kwa saa. Kutoka Nyabugogo, katikati ya jiji au Remera mtu aweza kufika kituo cha Nyanza ya Kicukiro, ambacho wenyeji hukiita gare, kisha akapata basi lingine la kuendelea.

Lakini basi lina mipaka yake. Hushusha watu kwenye lami, na shamba liko chini ya lami. Foleni ya asubuhi hula saa za ubaridi, ambazo ndizo saa njema za kulima. Jioni, mwenye gunia lenye matope hawezi kutazamia kukaribishwa na abiria waliotoka ofisini. Basi la mjini lilitengenezwa kwa ajili ya watu, nasi tulitumie kwa watu.

GARI

Gari ni ghali kwa mtu mmoja, bali si ghali kwa ushirika. Lori dogo, ambalo wengi Kigali huliita Daihatsu hata likiwa la kampuni nyingine, laweza kuchukua kwa mara moja mzigo ambao ungewatoa jasho wenye baiskeli ishirini. Gharama ikigawanywa kwa magunia, kila mwanachama hulipa kiasi kinachovumilika.

Hata hivyo, gari nalo halitoshi peke yake. Katika mvua za masika, tangu Machi hadi Mei, njia za udongo ziteremkazo bondeni hugeuka utelezi, na Nyabarongo ikifurika huingia mashambani. Dereva mwenye busara husimama kwenye lami. Basi nani atayatoa magunia majarubani na kuyafikisha garini? Ni baiskeli tena, kwa mwendo mfupi, mchana kweupe.

Kumbe vyombo hivi vitatu havishindani. Watu na waende kwa basi. Mzigo na utoke majarubani kwa baiskeli hadi ukingo wa lami. Na gari la kukodi lipandishe vyote mlimani. Ushirika unaoweka saa moja ya kukusanya mizigo, tuseme saa tisa alasiri, na mahali pamoja pa kukutania, umewaondoa wanachama wake katika giza la saa kumi na mbili bila kungoja msaada wa mtu.

SIKU YA UMUGANDA

Kuna siku moja ambapo hesabu zote hizi hubadilika. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja iliyowekewa sheria mwaka 2007, imhusuyo kila mwenye nguvu wa umri wa miaka 18 hadi 65. Tangu saa mbili asubuhi hadi saa tano maduka hufungwa na magari husimama, isipokuwa yenye ruhusa. Anayetaka kwenda shamba la mbali na atoke kabla, au angoje hadi kazi iishe. Wanajeshi na polisi hushika koleo pamoja na raia, na mara nyingi kazi yenyewe ni kuzibua mitaro na kutengeneza njia. Kikundi kitakachochagua kuifukia mifereji iliyochimbwa na mvua katika njia ya kuteremkia bondeni kitakuwa kimefupisha safari ya shambani kwa msimu mzima.

ASKARI NA BARABARA

Mei 2019 Polisi ya Taifa ya Rwanda ilianzisha kampeni iitwayo Gerayo Amahoro, maana yake kwa Kiswahili: fika salama. Neno hilo ni jema, na kwa mkulima wa bondeni maana yake ni kurudi salama. Kamera za barabarani, ambazo wananchi wamezipa jina la Sofia, hupima mwendo wa gari. Haziioni baiskeli isiyo na taa, wala breki iliyokwisha. Hayo huonwa na jicho la askari.

Kadhalika askari aangalie upande wa dereva. Katika barabara ya Rwamagana, ipitayo karibu na Masaka, hupita malori kutoka Tanzania ambayo usukani wake uko kulia, ilhali Rwanda magari hupita kulia. Dereva wa lori hilo akitaka kumpita mwenye baiskeli haoni vema kinachokuja mbele, na akirudi pembeni kwa haraka, wa kuumia ni yule mwenye gunia.

Hatusemi askari aifumbie macho sheria kwa sababu aliyeivunja ana ndizi nyuma. Sheria ya barabara ndiyo ngao ya mnyonge kwanza. Twasema kwamba kumsimamisha mtu mwenye mzigo saa kumi na moja, kumwonyesha mahali pa kupumzikia na kumwagiza afunge taa, ni kazi ileile ya ulinzi iliyoapiwa. Gharama ya taa ni ndogo kuliko gunia moja lililomwagika barabarani.

Kila askari ajua kwamba kikosi hakiondoki kambini kabla ya kujulikana kitarudi vipi, na nani atabeba nini. Na ushirika wa shamba uige utaratibu huo. Kabla ya kuulizana nani atakwenda kupalilia Jumamosi, waulizane kwanza mzigo utapanda mlima saa ngapi, na kwa chombo gani.