Unataka kuacha pombe? Watafute wenzako

JE, msomaji, ni mara ngapi umeapa Jumapili usiku kwamba hutaonja tena, lakini ifikapo Ijumaa unajikuta kwenye kaunta ile ile, na mhudumu hata haulizi utakunywa nini? Iwapo umeapa hivyo hadi wewe mwenyewe hukiamini tena kiapo chako, basi huenda shida si nia. Ulevi ni ugonjwa, na kupambana nao ukiwa umejifungia chumbani ni kazi ngumu.

Utafiti wa NACADA wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa mtu mmoja kati ya kila wanane wenye umri wa miaka 15 hadi 65 nchini hunywa pombe. Si wote walio walevi, lakini waliolemewa wamo katika kila mtaa, kuanzia wanywaji wa chang'aa hadi mabwana na mabibi wa ofisini wanaoficha chupa kwenye droo.

Kundi la kusaidiana linalojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, au AA. (Ukimuuliza makanga njia ya kwenda AA, huenda akakushusha kwa wale wa magari wanaofunza udereva!) Lilianzishwa mwaka wa 1935 mjini Akron, Marekani, na walevi wawili: Bill Wilson, aliyefanya kazi ya soko la hisa, na Robert Smith, daktari wa upasuaji. Waligundua kwamba mlevi anapomweleza mlevi mwenzake yaliyompata, bila kumhubiria, wote wawili hupata nguvu ya kumaliza siku bila kunywa.

Wapo wanaodhani haya ni maneno matupu. Uchambuzi uliotolewa na shirika la Cochrane mwaka wa 2020, uliokusanya tafiti 27 za watu zaidi ya 10,000, ulipata kwamba mipango ya kitaalamu inayomwelekeza mgonjwa kujiunga na AA husaidia wengi zaidi kukaa bila kunywa kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nayo.

Anza kwa daktari

Kuna jambo moja ambalo ni lazima ulijue kwanza. Ikiwa unakunywa sana kila siku, na asubuhi mikono hutetemeka hadi "utoe loki", usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mwili uliozoea pombe hulipiza kisasi. Kifafa chaweza kukushika ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, wakaona na kusikia vitu visivyokuwepo. Hali hiyo huweza kuua. Watu wa nyumbani wakidhani ni majini au uchawi, saa za kumwokoa mgonjwa hupotea bure. Daktari atakupa dawa za kutuliza mwili kwa siku chache pamoja na vitamini B1, ambayo hupungua sana kwa walevi. Kundi halifanyi kazi hiyo, wala halidai kuifanya.

Ili kupata mkutano ulio karibu nawe, piga nambari 1192 ya NACADA, ambayo hailipishwi, uulize mikutano hufanyika wapi mtaani au katika kaunti yako. Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, wauguzi wa kliniki za akili katika hospitali za kaunti, na vituo vya kurekebisha tabia pia huelekeza watu. Uliza siku, saa na lugha inayotumika. Uliza pia kama mkutano ni wa wazi, ambao hata jamaa yako anaweza kuhudhuria, au ni wa walevi pekee. Tangu 2020, kumbi zilipofungwa kwa sababu ya corona, mikutano mingi hufanyika pia kwa intaneti. Yafaa kwa aliye mbali, ingawa kwa maoni yangu kikao cha ana kwa ana ndicho bora kwa mgeni.

Usitarajie kuona dawati la kujiandikisha. Mara nyingi ni ukumbi wa kanisa, viti vya plastiki na birika la chai. Hakuna ada. Kikapu hupitishwa mwishoni ili kulipia ukumbi, na mgeni akikipisha hakuna anayemkodolea macho. Sharti ni moja tu: uwe unataka kuacha kunywa. Watu hutaja jina la kwanza pekee na kueleza yaliyowasibu. Zamu yako ikifika, sema jina lako na kwamba leo umekuja kusikiliza tu. Inatosha.

Je, ukimkuta bosi wako huko? Naye amekuja kwa sababu ile ile, na yanayosemwa ndani hubaki ndani. Hatua 12 za AA humtaja Mungu, lakini kila mtu humwelewa kwa njia yake. Mwislamu, Mkristo na asiye na dini wote huketi pamoja.

Kundi la kwanza lisipokupendeza, jaribu la pili na la tatu kabla ya kukata tamaa. Chagua mkutano wa saa ile ambayo kwa kawaida ungekuwa baa, hasa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Kabla ya kuondoka, omba nambari za simu za wawili watatu walioacha siku nyingi. Baadaye mmoja wao anaweza kuwa mdhamini wako, mtu wa kumpigia hamu inapokushika saa tano usiku. Ukiteleza, rudi, hakuna atakayekufukuza.

Nawe mama au baba unayesoma haya kwa niaba ya mwingine, huwezi kumhudhuria mtu mkutano. Lakini kuna Al-Anon, kundi la jamaa za walevi lililoanzishwa mwaka wa 1951, na unaweza kwenda hata kama yeye bado yuko baa.