Senti za Kwenye Kaunta: Lipi Kweli, Lipi Uongo?

Kuna maneno yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya ndugu zetu walioko Marekani, na siku hizi yanatufikia hata sisi tuliobaki huku. Wanasema: ukiwa dukani, mashine ya kadi ikikuuliza kama ungependa kuongeza senti chache kwa ajili ya watoto wagonjwa au watu wenye njaa, kataa. Tajiri mwenye duka anazikusanya senti zenu, anazitoa kwa jina lake, kisha analipa kodi pungufu.

Maneno hayo yanaaminika upesi kwa sababu watu wanajua matajiri na kodi hawapikiki chungu kimoja. Lakini maelezo yenyewe hayako sahihi, na ubaya wake mkubwa ni kwamba yanalifunika swali ambalo kila mteja angepaswa kuliuliza. Nimeyapitia madai yanayosikika zaidi. Sheria ninayoizungumzia ni ya Marekani, maana huko ndiko desturi hii ya kuombwa mchango kwenye kaunta ilikokomaa, na ndiko uvumi wenyewe ulikoshika mizizi.

Dai: Duka linautumia mchango wako kupunguza kodi yake.

Si kweli, na hapa inafaa tukae kidogo.

Tuseme umenunua mchele, maziwa na sabuni, jumla dola 18.37. Kioo cha mashine kinakuuliza kama ungependa kufikisha 19. Ukibonyeza ndiyo, risiti inatoka na mstari wa peke yake: mchango, 0.63. Senti hizo 63 hazihesabiwi kuwa mauzo ya siku hiyo. Mhasibu wa duka anaziandika upande wa madeni, pamoja na fedha nyingine ambazo duka linazishika lakini si zake, na zinakaa hapo mpaka siku ya kukabidhiwa wenyewe. Mbele ya sheria ya kodi, duka hapo ni mjumbe tu. Aliyetoa ni wewe.

Kodi ya kampuni hutozwa kwenye faida. Kupata nafuu maana yake ni kuondoa kiasi fulani kwenye pato kabla halijatozwa kodi. Sasa, fedha ambazo hazikuingia kwenye pato utaziondoaje humo?

Tuifanye hesabu kwa kiasi kikubwa. Kampuni yenye maduka mengi imekusanya dola milioni moja kutoka kwa wateja. Ikiamua kuziingiza kwenye mapato yake kisha izitoe kama mchango wake, milioni imeingia, milioni imetoka, imebaki sifuri. Tena inaweza kuumia. Sheria inaweka kikomo cha asilimia 10 ya pato linalotozwa kodi kwa michango ambayo kampuni inaweza kuikata, na kuanzia mwaka wa kodi wa 2026, michango iliyo ndani ya asilimia moja ya mwanzo ya pato hilo haihesabiki. Kampuni itakayozichanganya fedha za wateja na zake inaweza kujikuta inalipia kodi fedha ambazo hazikuwa zake.

Inabaki njia moja: kuzificha zisionekane kwenye mapato, halafu kuzidai kwenye michango. Kwa kiwango cha kodi cha asilimia 21, milioni hiyo ingeipunguzia kampuni dola 210,000. Hiyo ni jinai. Najua kuna atakayesema kwamba wenye fedha hawaiogopi jinai. Sawa, lakini ushahidi wa wizi wa namna hiyo ungekuwa kwenye kila risiti iliyoingia mfukoni mwa mteja, na pia kwenye vitabu vya shirika lililopokea fedha. Mwizi mwenye wahasibu wazuri hachagui njia yenye mashahidi wengi kiasi hicho.

Hata duka linapotoa fedha zake lenyewe, watu huikosea hesabu. Likitoa dola 100 likapata nafuu yote, kodi yake inapungua dola 21. Dola 79 zimetoka kweli. Hakuna anayetajirika kwa njia hiyo.

Uvumi huu haukuanzia kwetu wala hautaishia kwetu. Mexico, ambako kuiacha chenji ya kukamilisha hesabu ni desturi ya miaka mingi, mamlaka ya kodi ililazimika kutoa ufafanuzi kwamba maduka hayaruhusiwi kukata kodi kwa fedha za wateja.

Dai: Basi nafuu ya kodi haipo kwa mtu yeyote.

Si kweli. Ipo, na mwenyewe ni wewe.

Kwa muda mrefu nafuu hiyo ilikuwa ya kwenye karatasi tu. Baada ya mabadiliko ya sheria ya 2017, takriban walipa kodi tisa kati ya kumi wa Marekani walijikuta wanachukua punguzo la jumla ambalo halihitaji kuorodhesha michango. Isipokuwa mwaka 2020 na 2021, asiyeorodhesha hakupata kitu kwa senti zake za dukani. Kuanzia mwaka wa kodi wa 2026 mambo yamebadilika: hata asiyeorodhesha anaruhusiwa kukata hadi dola 1,000 za fedha taslimu alizoyapa mashirika ya hisani yanayotambuliwa, na mume na mke wanaojaza fomu pamoja, hadi dola 2,000.

Tusidanganyane kuhusu ukubwa wake. Senti 63 mara mbili kwa wiki ni dola 65 na ushee kwa mwaka. Kwa mtu anayetozwa asilimia 12, nafuu yake ni karibu dola nane. Hata hivyo ni haki yako, na kwa familia inayotoa pia kanisani, msikitini na shuleni, inajumlishwa na mengine. Tunza risiti yenye jina la shirika, tarehe na kiasi, pamoja na taarifa ya benki.

Dai: Kwa hiyo duka halifaidiki na lolote.

Hapa nawageukia wanaoyatetea maduka. Hili nalo si kweli.

Fikiria harambee ya kumchangia mgonjwa kijijini. Wafanyakazi wa ofisi moja wameshindwa kufika, wamempa mwenzao bahasha na orodha ya majina. Anasimama, anaitoa bahasha mbele za watu, anataja jumla, na jina analolitaja ni lake peke yake. Fedha zimefika zote, mgonjwa atatibiwa, hakuna shilingi iliyopotea. Lakini kila aliyekaa pale anajua kwamba kuna kitu kimechukuliwa.

Ndivyo ilivyo mara nyingi kwenye kaunta. Msimu ukiisha, wakuu wa kampuni hupiga picha wameshika hundi ya kadibodi yenye urefu wa meza, na juu yake pameandikwa jina la kampuni. Ripoti ya mwaka inasema "tumetoa" kiasi fulani kwa jamii, na ndani ya kiasi hicho zimo fedha za kampuni, za wafanyakazi na za wateja, bila kutenganishwa. Kodi haijaguswa. Kilichopatikana ni jina zuri, na jina zuri kwenye biashara ni mali: mteja hurudi, wakuu wa mji hupokea simu, mfanyakazi hujivunia sare yake.

Mimi sioni vibaya duka kusifiwa kwa kazi ya kukusanya. Kuweka mfumo, kuwafundisha makeshia na kufikisha fedha kunagharimu, na bila duka senti zile zisingekusanyika. Ninachokidai ni kwamba sifa igawanywe kwa haki. Kampuni iseme waziwazi: wateja wetu wametoa kiasi hiki, sisi tumeongeza kiasi hiki. Yapo maduka yanayosema hivyo, na yanayoongeza yao juu ya kila dola ya mteja. Hayo yanastahili kupongezwa kwa jina lao.

Mwaka 2022 kampuni moja kubwa ya maduka ya dawa ilishtakiwa huko New York kwa jambo la karibu na hili. Mlalamikaji alidai kwamba kampuni ilikwisha kuahidi dola milioni 10 kwa shirika la wagonjwa wa kisukari, kisha ikawaomba wateja wachangie, na kila walichotoa kikapunguza deni la ahadi yake yenyewe. Kampuni ilikana. Mimi kesi yenyewe siing'ang'anii. Swali lililomo ndani yake ndilo ningependa kila mteja alishike: mchango wangu unaongezwa juu ya ahadi yenu, au unaijaza?

Dai: Fedha zote zinakwenda moja kwa moja kwa shirika lililotajwa.

Inategemea, na kinachotofautisha ni maandishi ya kwenye kioo. Kikikutajia shirika la nje, mathalani Children's Miracle Network, mtandao unaochangia hospitali za watoto, fedha hukabidhiwa shirika hilo. Lakini kampuni kadhaa zina mifuko yao ya hisani iliyosajiliwa kisheria. Ukichangia humo, mfuko ndio unaopokea, na mfuko ndio unaoamua nani apewe na lini. Hilo ni halali. Lakini mtu aliyeona picha ya mtoto na sahani tupu anadhani senti yake inakwenda kwenye sahani ile wiki hii, kumbe inaweza kukaa kwanza ikisubiri mgawo.

Usichanganye pia mchango wa kaunta na ile ahadi ya kwenye bidhaa kwamba "sehemu ya mauzo itakwenda kwa hisani". Pale fedha zinatoka kwenye kapu la kampuni, kwa hiyo nafuu ya kodi ni ya kampuni kweli. Huenda uvumi wote ulizaliwa kwenye mchanganyiko huu. Kwenye ahadi za aina hiyo soma maandishi madogo, maana mara nyingi yana kikomo: fedha zikifika kiasi fulani, kampuni inaacha kutoa, na bidhaa inaendelea kuuzwa na kibandiko chake.

Dai: Senti hamsini hazimsaidii mtu.

Si kweli. Mwaka 2022, kampeni 77 za kaunta huko Marekani, kila moja ikiwa imevuka dola milioni moja, zilikusanya jumla ya zaidi ya dola milioni 749. Walmart na Sam's Club peke yao, pamoja na wateja wao, wamepeleka zaidi ya dola bilioni moja kwa Children's Miracle Network tangu 1987. Sehemu kubwa ya fedha za aina hii ni chenji za watu wa kipato cha kawaida, na ndiyo sababu nasisitiza majina yao yasifutwe.

Dai: Keshia anapata chake humo, ndiyo maana anang'ang'ania.

Uongo, na huu unaniuma kuliko mengine. Keshia anauliza kwa sababu ameagizwa aulize. Katika baadhi ya maduka wakuu hulinganisha nani amekusanya zaidi, na anayeachwa nyuma hukumbushwa mwanzoni mwa zamu. Miongoni mwa wanaosimama nyuma ya kaunta hizo saa nane mfululizo wamo ndugu zetu waliotoka Kongo na Burundi, na hao ndio wanaotukanwa na mteja aliyetazama video ya dakika moja akaamini kwamba anaibiwa. Ukikataa, kataa kwa upole: "Leo hapana, asante." Huna haja ya kujieleza, na yeye hana haja ya mhadhara.

Dai: Nikitoa hapo, nimekwisha kutoa zaka.

Kwa Mwislamu, hapana. Zaka ina makundi manane yaliyotajwa katika Suratut-Tawba, na mwenye kutoa ana wajibu wa kuhakikisha inawafikia wanaostahili. Senti za kaunta zihesabu kuwa sadaka.

Dai: Hakuna namna ya kujua fedha zilikwenda wapi.

Si kweli. Mashirika mengi ya hisani ya Marekani, pamoja na mifuko ya kampuni, hutakiwa kila mwaka kuwasilisha Fomu 990 au ile ya 990-PF kwa mamlaka ya kodi, IRS, na fomu hizo ziko wazi kwa umma. Zinapatikana bure kwenye mtandao wa IRS wenyewe na kwenye hazina ya shirika la habari la ProPublica. Unaandika jina la shirika tu.

Ukiifungua, tazama kwanza jumla ya michango iliyopokewa, kisha misaada iliyotolewa, kisha mishahara ya viongozi. Kwa mfuko wa kampuni, angalia kama kampuni yenyewe imetia fedha mwaka huo au kapu lote limejazwa na wateja. Mfuko unaopokea kwa mamilioni na kutoa kidogo mwaka baada ya mwaka utauona mwenyewe. Ukiona hivyo, mwandikie meneja wa duka lako umuulize, ukitaja mwaka na tarakimu uliyoisoma.